Kitenge Juu ya Klaviye

Klaviye ya kwanza, yaani kibodi, niliyofundishia watoto ilikuwa kipande cha karatoni ya sabuni. Nilikikata kwa wembe, nikakipaka rangi nyeusi ile ya kupakia ubao wa darasa, kikakauka siku mbili juu ya bati. Kisha nikachora herufi kwa rangi nyeupe, mstari kwa mstari, nikiangalia mashini, ile kompyuta yangu ya kazini, ili nisikosee. Sikukosea. Nasema mapema kwa sababu baadaye ilionekana kama nilikosea, na mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa nusu saa nzima, nusu saa mbaya kuliko zote za mwaka ule.

Mimi si mwalimu. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa sekondari, hapa Butembo, halafu nikaacha. Kazi yangu ni kupiga mashini katika sekretaria moja ya Bulengera, kibanda chenye mashini moja, imprimante moja ya kutolea karatasi na paneli ya jua juu ya paa. Watu wanaleta barua zimeandikwa kwa mkono, mimi naziandika safi: maombi ya kazi, mialiko ya harusi, vitabu vya wanafunzi wa chuo wanaomaliza. Kuandika najua. Kufundisha sikujua, na hata leo nikiitwa Madame njiani nageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Ilianza siku direktrisi wa shule moja ya msingi ya Waprotestanti, hapo hapo Bulengera, alipoleta barua yake. Nilikuwa naandika huku ananisimulia namna mvua ilivyoingia katika darasa la pili, nami namuangalia usoni, kwa heshima. Akaacha mvua katikati. Akaangalia mikono yangu, akaangalia macho yangu, akauliza nani alinifundisha kuandika bila kuangalia. Nikamwambia ni mama yangu mdogo, aliyekuwa dactylo, mpiga taipu, kwa wanunuzi wa kahawa. Yeye alikuwa ananifunga kitenge shingoni, ncha nyingine anaifunga kwenye meza, mikono yangu inabaki chini kama kuku chini ya kikapu. Ukitaka kuona herufi, huoni. Basi unajifunza.

Direktrisi aliniomba nije mara mbili kwa juma kufundisha watoto wa mwaka wa tano. Nilimueleza kwamba sina diploma. Alijibu kwamba hajaomba diploma, ameomba vidole.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shule yake haikuwa na mashini hata moja. Ofisi ya shule za kanisa lao ilikuwa imeweka mashini kumi katika shule dada ya Beni, kule Mulekera. Katibu wa shule hizo, mzee mmoja mwenye kusema maneno machache, alikuwa ameahidi kwamba tano zitapanda Butembo kama watoto wa Butembo wataonyesha kwamba wanajua kuzitumia. Mwisho wa trimestri watoto wanane watashuka Beni, yeye mwenyewe atawasomea barua fupi, waiandike mbele ya macho yake. Wakiweza, mashini tano zitakuja. Wasipoweza, zitabaki Beni, kwa sababu hataki kupeleka mashini mahali zitakapofungiwa kabatini kulelewa na panya. Sikuona kwamba anakosea. Mimi pia nisingezipeleka.

Kwa hiyo nilikata karatoni. Ishirini na mbili, mbili mbili kila jioni kabla giza halijaingia. Watoto walikuwa arobaini na nne, nusu wanaandika, nusu wanasubiri na kucheka wenzao. Kila mmoja alikuja na kitenge cha mama yake. Darasa lilionekana kama saluni, watoto wote wamefungwa nguo shingoni, wanangoja kunyolewa.

Tabu ya kwanza ilikuwa vidole. Nikisema kidole cha pili cha mkono wa kushoto, wananyoosha cha tatu cha mkono wa kulia. Ndipo nikafikiri juu ya majina yetu. Kwetu Wanande mtoto anapata jina kwa namna alivyofuatana na wenzake: mwanaume wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wasichana vilevile, hata kabla hujamuona mtu unajua alizaliwa wa ngapi. Nikafanya mkono wa kulia kuwa wavulana, wa kushoto wasichana, kile cha shahada mzaliwa wa kwanza, kidogo cha mwisho mzaliwa wa nne. Vidole gumba vikawa babu na bibi, kazi yao ni kuacha nafasi kati ya maneno tu, maana wazee wamechoka. Kuanzia siku ile hawakuchanganya vidole tena. Mtoto anayejua kwamba herufi fulani ni nyumba ya mzaliwa wa tatu hawezi kumtuma wa kwanza kuingia humo. Nyumbani wangempiga.

Lakini msichana mmoja alinyoosha mkono. Baba yake ni Mwislamu mwenye kusafirisha bidhaa kati ya Kasindi, mpakani na Uganda, Beni na Butembo, familia yao ilitoka mbali zamani, nao hawana majina hayo. Akasema kwa upole kwamba yeye hayumo katika mikono hii. Nilisikia aibu. Nilikuwa nimeona mchezo wangu ni wa wote, kumbe ni wa wengi. Nikamwomba yeye afikiri. Alifikiri siku mbili. Akarudi akasema atakuwa ule ubao mrefu wa chini, kwa sababu bila yeye maneno yote yangeshikana. Wenzake walimcheka kwamba babu na bibi watamkanyaga siku nzima. Akajibu kwamba wazee ni wepesi.

Na kama karatoni haionyeshi kitu, nilijuaje kama wanaandika sawa? Kwa unga wa chaki. Kabla ya neno kila mtoto anachovya vidole katika unga, anaandika chini ya kitenge huku anataja herufi kwa sauti ndogo, kisha tunafunua. Alama nyeupe juu ya nyeusi zinasema yote. Aliyekosea anaona mwenyewe nyumba aliyoingia bila kualikwa.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa fundi wa baiskeli ambaye alama zake zilikuwa safi kuliko za wote. Nilimsifu mbele ya darasa mara tatu. Mara ya nne niliona kitenge chake kinapanda na kushuka chenyewe: alikuwa anakiinua kwa goti, anaangalia. Nilikaa na jambo hilo juma zima. Nilimsifu mbele ya watu, je, nimkosoe mbele ya watu? Katika kayé yangu, daftari ambamo naandika mambo ya kila siku, kuna ukurasa mzima juu ya goti la mtoto yule. Mwishowe nilimwambia peke yake. Aliomba msamaha vizuri sana, na kipindi kilichofuata goti likarudi kazini.

Jambo lingine liko katika kayé hiyo, na nililikuta baadaye. Baba wa yule msichana wa ubao mrefu alikuja mlangoni mwa shule na karatoni ya binti yake mkononi. Aliigeuza geuza, akaniambia, "Madame, mashini za kutokea Kasindi haziko ivi. Ziko za Kiingereza." Mimi nilielewa kwamba maneno ndani yake ni ya Kiingereza. Nikamjibu kwamba watoto wataandika Kiswahili, na mashini haina kabila. Alitabasamu, akanipa karatoni, akaaga. Nilirudi darasani nikijiona mwerevu. Yameandikwa hapo, kwa mkono wangu: nimemjibu vizuri.

Siku ya kuchagua wanane, direktrisi alitaka wale bora. Mimi nikataka kura. Nilimweleza kwamba mashini zikija zitakuwa za wote arobaini na nne, na katibu hakusema anataka kuona bora, alisema watoto wa Butembo. Tukiteua, tutakuwa tumemuonyesha kitu kingine. Akaniuliza:

"Madame, weye unatafuta mashini ama unatafuta mbingu?"

 Lakini ni mwanamke wa haki naye, akakubali, akashika mwenyewe kikapu cha vikaratasi. Msichana wa ubao mrefu alitoka. Mtoto wa goti akatoka vilevile. Direktrisi alisoma jina lake, akalisoma tena kama lingebadilika.

Tuliondoka asubuhi mapema katika basi dogo la baba wa msichana, ambaye alikuwa anashuka Beni kwa kazi yake na akatubeba bila kuombwa mara mbili. Butembo kulikuwa baridi, watoto wamevaa triko za sufu. Kadiri tulivyoshuka walizivua moja moja, na tulipofika Mulekera zilikuwa zote zimelundikwa juu ya magoti ya direktrisi, naye anatoka jasho.

Mwalimu wa mashini wa shule ile alitupokea akitabasamu. Kijana mdogo, ana lisansi ya chuo kikuu, shati limenyooshwa. Nitasema ukweli kama ulivyokuwa ndani yangu: sikumpenda. Nilihesabu kwamba tukishindwa, mashini kumi zitabaki zake, na kwamba tabasamu lake linatokana na hilo. Katibu alikuwa bado ofisini anakunywa chai, atakuja baada ya nusu saa. Kijana akatufungulia chumba.

Mashini zilikuwa zimepangwa kwa mistari miwili, safi, zimefunikwa nguo, na kijana akazifunua. Watoto waliingia kama wanaingia kanisani. Mtoto wa goti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama kuangalia, kwa desturi yake. Akasimama wima.

"Madame, A yetu haiko kwake."

Nikaja. Nikaangalia. Pale juu kona ya kushoto, ambapo A imekaa tangu nilipokuwa msichana wa mama yangu mdogo, kulikuwa na Q. A ilikuwa imeshuka chini yake. Z na W zilikuwa zimebadilishana. M, nyumba ya mzaliwa wa nne, ilikuwa imehamia mstari wa chini karibu na N. Nikakimbilia mashini ya pili, ya tatu, zote vilevile. Ndipo maneno ya baba wa msichana yakanirudia, yote, na jibu langu pia.

Zilikuwa zimepita Kasindi. Zimetoka Uganda, na huko wanaandikia klaviye ya Kiingereza. Mimi sikuwahi kugusa nyingine zaidi ya ile ya Kifaransa, sikujua kwamba kuna nyingine. Miezi yote ile, karatoni ishirini na mbili, unga wa chaki, vitenge vya mama za watu. Niliketi kwenye benchi. Direktrisi aliniuliza kuna nini, nikamweleza, naye akaketi karibu yangu na triko zote. Watoto walituangalia. Watoto wanaposoma uso wa mtu mzima hawahitaji chaki.

Yule kijana alikuja akachuchumaa mbele yangu. Tabasamu lilikuwa bado lipo, nami nilijiandaa kulichukia.

"Mama, batoto yako banaangaliaka mikono?"

"Hapana. Tunafunikaka."

"Hata mara moja hawaangalie?"

Nilimtazama mtoto wa goti. Nikasema, "Wengi hawaangalie."

"Donc hakuna shida. Mi nitabadilisha ndani, mashini itafuata Kifaransa. Juu itabaki bongo, ndani itakuwa kweli."

Bongo, kwetu, ni uongo. Alienda mashini kwa mashini, akabofya hapa na pale, haikuchukua hata dakika kumi. Aliniita nijaribu. Nilifumba macho, nikaandika jina la mama yangu mdogo. Nilipofumbua, lilikuwa pale kwenye kioo, zima, ingawa vidole vyangu vilikuwa vimekanyaga herufi nyingine kabisa. Nilimwomba kijana msamaha. Hakuelewa ni wa nini, na sikumfafanulia, lakini niliuomba.

Katibu akaingia. Alisalimia kila mtoto kwa mkono. Kabla hajafungua karatasi yake nilijua lazima nimwambie, na nilijua pia kwamba direktrisi anajua nitasema. Alinikanyaga mguu. Nikasema hata hivyo: kwamba niliwafundisha klaviye ambayo si hii, kwamba kosa ni langu na nilikuwa nimeonywa, kwamba mwalimu wa hapa amebadilisha mashini ndani, na kama yeye Katibu anaona si haki, aseme sasa.

Mzee alisogea kwenye mashini, akavaa miwani.

"Donc herufi hizi juu ziko bongo?"

"Tano hivi ziko bongo, Papa. Na alama za nukta na mkato."

Akaandika jina lake kwa kidole kimoja, taratibu, akitafuta kila herufi. Jina lilitoka limeharibika, kama la mtu wa nchi nyingine. Alilitazama sana. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nilichelewa kuelewa kwamba anacheka.

"Sasa batoto wataandika namna gani?"

Ni msichana wa ubao mrefu aliyemjibu, amesimama, mikono nyuma: "Papa, siye hatuangaliaka."

Tukawafunga vitenge. Nane, shingoni na kwenye meza. Katibu alisoma mstari wa kwanza: Wazazi wapendwa, tumefika Beni salama. Hakuna aliyeandika zaidi ya herufi moja. Wote wanane walibonyeza W, wote wanane wakasita. Nilidhani wamesahau yote. Kisha nikaelewa. Miezi yote wamekuwa wakiandika juu ya karatoni, na karatoni haijibu. Hii ilikuwa mara yao ya kwanza kuona herufi inatoka. Msichana mmoja alicheka peke yake, kidogo, kama mtu aliyefinywa. Katibu alingoja. Hakuharakisha, hilo namshukuru.

Halafu wakaanza, na chumba kikajaa ule mlio mdogo mdogo ambao mimi nausikia kila siku peke yangu kibandani, sasa unatoka mikono kumi na sita kwa pamoja. Sijui kuuelezea vizuri. Mama yangu mdogo angejua.

Mstari wa tatu kitenge kimoja kilipanda. Goti. Mtoto aliangalia chini, akaona herufi zinamwambia kitu kimoja na vidole kingine, akakwama. Akaandika neno baya, akafuta, akaandika lingine baya zaidi. Msichana wa ubao mrefu, jirani yake, alisema bila kugeuza kichwa: "Ulizoea kuiba na macho. Leo macho ndio yanakuibia."  Yule mtoto akateremsha goti, akafumba macho kabisa, akaanza kutaja wazaliwa kwa sauti ya chini, wa nne, wa pili, wa kwanza, bibi, kama tulivyofanya siku za mwanzo. Wenzake karibu wote walimaliza. Yeye akaendelea. Katibu alimsomea mstari wa mwisho peke yake, mara mbili, akingoja kama mtu asiye na safari.

Saba walimaliza. Wa nane alibonyeza kitu, barua yake yote ikatoweka, akaanza upya bila kulia na akafika mstari wa tatu tu. Katibu alisoma zote, akasoma na ile mistari mitatu, hakukuta kosa katika hiyo mitatu. Barua ya mtoto wa goti ilikuwa na makosa sita. Nilihesabu pamoja na Katibu ili asidhani nimeficha. Haki inataka niseme pia kwamba watoto wa Beni walijua kufungua mashini, kuhifadhi, kutoa karatasi, na wetu hawakujua hata mahali pa kuwashia. Nilimwambia Katibu hivyo. Direktrisi hakunikanyaga tena, nadhani alikuwa amechoka.

Mzee alivua miwani. "Niliahidi tano. Tano zitapanda."

Hatukupiga kelele. Watoto walikuwa wamefungwa kwenye meza, wakiruka wangeangusha mashini. Walianza kucheka tu, wakiwa wamefungwa vile, mmoja akimwambukiza mwingine, na kijana wa Mulekera akapita kuwafungua mmoja mmoja huku naye anacheka. Nje, baba wa msichana alikuwa anangoja karibu na basi lake. Nilimwendea, nikamwambia kwamba alikuwa amenionya nami nilimjibu vibaya. Akasema hakumbuki. Nadhani anakumbuka. Alifungua mlango wa nyuma akaanza kupanga triko chini, mashini zipate mahali pa kulalia.

Kijana alinipa bahasha wakati wa kuondoka. Ndani mlikuwa na vikaratasi vya gundi vyenye herufi, vya kubandika juu ya zile za bongo, ili klaviye isome Kifaransa juu na ndani. Ilikuwa zawadi nzuri, na nilidhamiria kuvitumia.

Juma lililofuata, darasani Bulengera, mashini tano zikiwa mezani na watoto arobaini na nne wamezizunguka, nilitoa bahasha na kuwaeleza. Nilisema tutabandika, kisha vitenge tutavirudisha kwa mama. Wengine walifurahi. Mtoto wa goti alinyoosha mkono, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Madame, usibandike," akasema. "Ukibandika, nitaangalia."

Bahasha iko katika droo yangu ya kibandani, haijafunguliwa tena. Vitenge nimevirudisha vyote, herufi za bongo zinatosha kuwazuia macho. Vingine vilikuwa na unga mweupe kwenye pindo, nilijaribu kuukung'uta, haukutoka wote.